Beki wa Sita

Kuna deni la kahawa za wiki nzima pale kantini, na hadi leo hatujaelewana nani anamdai nani.

Nafanya kazi zamu ya usiku kwenye kiwanda cha mikate hapa Winnipeg. Saa tisa usiku ndipo tunapopumzika. Meza yetu ina watu watatu wa kudumu: mzee wa oveni, mzaliwa wa hapa hapa Manitoba, ambaye babu zake walitoka Ukraine, ndugu mmoja wa Uvira anayefungasha mikate, na mimi, mtoto wa Morogoro. Kiingereza chetu ni cha kiwandani, Kiswahili tunakitumia mimi na ndugu tukitaka kumsema mzee mbele yake. Na mada ni moja tangu nimeajiriwa pale: beki gani wa timu ya vijana ya hoki ya barafuni apandishwe timu ya wakubwa.

Mwanzoni nilimpigia simu shemeji yangu nikamwambia Jumamosi nakwenda kuangalia magongo. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Huko nako wanapika gongo?" Ikabidi nimweleze taratibu: mpira wa magongo, ila wa barafuni. Watu wamevaa viatu vyenye vyuma chini, wanakimbiza kisahani cheusi cha mpira mgumu, wanabamizana ukutani na refa anaangalia tu. Akasema gongo la kunywa lina nafuu.

Kwa msomaji aliyekulia kwenye soka kama mimi, mambo machache tu yanatosha. Barafuni wanakuwa sita kila upande, pamoja na kipa. Mabeki wako wawili kwa wakati mmoja, nao hawakai hata dakika moja, wanatoka wanaingia wengine. Siku ya mechi timu huvalisha mabeki sita, yaani jozi tatu. Jozi ya kwanza inaweza kucheza dakika 24 au 25 kati ya 60. Jozi ya tatu inapewa 12, 14, basi. Kikosi kizima hakizidi watu 23, kwa hiyo mabeki wanaosajiliwa ni saba, mara nyingine wanane.

Huyo wa kwanza hana mjadala. Kwetu ni Josh Morrissey, na mtu akikwambia Morrissey akae benchi muulize kama amelala vizuri. Ugomvi wote wa mji huu, baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri ikiwa nje, unamhusu beki wa sita na wa saba. Mtu wa dakika 12. Nilishangaa sana. Baadaye nikakumbuka kwamba hata nyumbani hakuna anayebishana kuhusu nahodha. Watu wanatoana jasho kwa ajili ya beki wa kushoto wa akiba.

Winnipeg ina jambo moja ambalo miji mingi ya NHL, ligi kuu ya hoki ya Marekani na Canada, haina. Timu ya wakubwa, Jets, na timu ya vijana wake, Manitoba Moose, zinacheza jengo moja. Edmonton wakimtaka kijana wao, inabidi apande ndege kutoka Bakersfield, California. Hapa kijana anabeba begi lake anapita korido. Moose waliwahi kuondoka: Jets walipofufuliwa mwaka 2011, timu ilipohamishwa kutoka Atlanta, Moose walipelekwa St. John's, Newfoundland, huko mwisho wa Canada kabisa, wakarudi 2015. Tangu hapo tunaweza kuwaona vijana Jumapili mchana kwa tiketi ya bei ya chini na wakubwa siku inayofuata kwa tiketi ambayo mimi hununua mara moja kwa mwaka, nikishaomba radhi nyumbani.

Ukaribu huo ndio unaotutia wazimu. Kijana hayuko mbali ili umsikie redioni tu. Umemwona. Unajua anavyogeuka. Halafu usiku unawaona wakubwa wakipoteza kisahani mbele ya kipa wao wenyewe, na unajua kabisa kwamba dawa imelala ghorofa ya chini.

Mimi niliingia kwenye ubishi huu kwa mlango wa Ville Heinola.

Kiangazi cha 2019 ukuta wa Jets ulibomoka wote mara moja. Jacob Trouba alipelekwa New York Rangers. Tyler Myers akaenda Vancouver, Ben Chiarot akaenda Montreal, wote mikataba yao ilikuwa imekwisha. Kisha Septemba, kambi ikianza, Dustin Byfuglien, lile pande la mtu ambalo wapinzani walikuwa wakiliona wanaachia kisahani wenyewe, akaomba ruhusa ya kupumzika, na hakucheza tena NHL. Mabeki wanne wakubwa, miezi mitatu. Katika biashara ya Trouba, Jets walipata beki Neal Pionk pamoja na nafasi ya 20 kwenye drafti, ule utaratibu wa kila mwaka ambapo klabu zinachagua vijana kwa zamu. Nafasi hiyo wakamchukua Heinola, Mfini wa miaka 18.

Oktoba ya mwaka huo huo mtoto yuko uwanjani na wakubwa. Hana mwili mkubwa wala mbio za kutisha. Alikuwa na macho. Alikuwa anajua pasi inakokwenda kabla kisahani hakijamfikia. Mechi nane, pointi tano: bao moja na pasi nne za mabao. Ndugu wa Uvira alisema maneno ambayo nimeyashika mpaka leo: "Kaka, huyu mutoto anaona mbele. Bengine banaangalia kisahani, yeye anaangalia watu."

Halafu wakamrudisha. Alipita Moose kidogo, kisha akaenda kwao Finland.

Kwa nini mechi nane? Hapo ndipo mzee wa oveni alipoanza kunipa darasa, kwa kidole kilichojaa unga juu ya meza. Kijana wa umri ule akicheza mechi 10 za NHL, mwaka wa kwanza wa mkataba wake unaanza kuhesabiwa. Asipofika kumi, mkataba unasogezwa mbele, klabu inabaki na mwaka mzima wa huduma yake kwa bei ya mtoto. Mzee akafuta unga. "Unadhani wanaangalia mpira peke yake?" akaniuliza. Sikumjibu. Nilikuwa bado nadhani wanaangalia mpira peke yake.

Na hela zenyewe si za mchezo. Msimu wa 2024-25 kima cha chini cha NHL kilikuwa dola 775,000 za Kimarekani. Kijana yule yule, mwenye mkataba wa kwanza, akiwa timu ya chini mshahara wake haufiki laki moja kwa mwaka. Na hulipwa kwa siku alizokaa juu. Piga hesabu: siku moja ya korido ile ina thamani ya dola elfu nne hivi. Sisi tunabishana kuhusu pasi. Kuna kijana pale anahesabu siku.

Upande wa pili wa ubishi una jina lake, na mzee hulitoa kila akiona nimezidi kelele: Sami Niku. Naye Mfini, naye beki, alichaguliwa raundi ya saba mwaka 2015, yaani mwisho kabisa, wakati ambapo klabu zinachagua kwa kubahatisha. Msimu wa 2017-18 akiwa Moose alipata pointi 54 na kutwaa Tuzo ya Eddie Shore, ya beki bora wa ligi yote ya AHL, ile ya chini wanayocheza Moose. Aprili 2018 akapandishwa, akafunga bao mechi yake ya kwanza kabisa, Montreal. Mji ukasema huyu ndiye. Hakuwa ndiye. Miaka mitatu ya kuingia na kutoka, na 2021 wakaachana naye.

"Pointi za chini ni pointi za chini," mzee husema.

Nilikuwa naichukia sentensi hiyo mpaka nilipokwenda mwenyewe kukaa karibu. Jumapili moja ya Januari nilikwenda na binti yangu mechi ya Moose, tukakaa viti vya chini, kwenye kona, nyuma ya kioo. Ghorofa ya juu ilikuwa tupu, kelele chache, kwa hiyo unasikia kila kitu: vyuma vinavyokata barafu, kipa anavyowapigia kelele mabeki wake. Nikaamua kipindi kizima simwangalii mwenye kisahani. Namwangalia beki mmoja tu, kijana, namba yake naihifadhi.

Kisahani kikitupwa nyuma yake, kazi ya beki ni kugeuka, kukimbilia kona, kukiokota akiwa amewapa mgongo watu wawili wanaokuja kumvunja, na kukitoa. Basi. Kazi ya sekunde tatu. Mara ya kwanza kijana alitupia jicho begani kabla ya kufika, akajua wanatokea wapi, akaegemea kama anakwenda kushoto, akatoka kulia. Safi. Binti akapiga makofi. Mara ya pili vile vile. Mara ya tatu hakutupa jicho. Alikuwa na haraka, au alijiamini, sijui. Akafika ukutani, nikaona uso wake kabisa kupitia kioo, akanyanyua kichwa, na hapo ndipo alipogundua kuna mtu. Kioo kilitetemeka mpaka soda ya binti yangu ikamwagika. Kisahani kikabaki mbele ya goli. Timu ya wapinzani haikufunga. Mshambuliaji wao alipiga pembeni.

Ile "haikufunga" ndiyo niliyobeba nikarudi nayo nyumbani. Huku chini kosa lile linakwenda bure. Juu, mshambuliaji wa NHL akipewa kisahani mbele ya goli tupu hapigi pembeni. Kijana yule angemaliza mechi akiwa na takwimu nzuri, mtu wa takwimu akamwandika vizuri, na mimi kama nisingekaa kona ile ningeungana na wanaosema apandishwe kesho.

Kwa hiyo nikaanza kumwelewa Dylan Samberg, ambaye kwa miaka nilikuwa simwoni. Alichaguliwa raundi ya pili 2017, akaenda zake chuo kikuu, Minnesota Duluth, akacheza misimu mitatu na kutwaa ubingwa wa vyuo vya Marekani mara mbili, 2018 na 2019. Hakuna aliyempigia kelele. Akaja Moose, akakaa. Januari 2022 akapandishwa na hakuna aliyeshangilia kantini. Sasa ni mmoja wa mabeki wanne wa juu, na Novemba 2024 alipovunjika mguu akiziba shuti, ghafla kila mtu akagundua kwamba nyumba ilikuwa imeegemea nguzo ile. Samberg ukimwangalia humkumbuki. Kisahani kinafika kona, kisahani kinatoka kona. Ndivyo.

Nikasema basi, mzee ameshinda, subira inalipa. Lakini subira nayo ina bili yake.

Kuna kitu kinaitwa weiva. Kijana ana miaka kadhaa ya kinga. Ndani ya kinga hiyo unaweza kumpandisha na kumshusha utakavyo. Kinga ikiisha, ukitaka kumshusha ni lazima jina lake litolewe kwa klabu nyingine zote 31 kwa saa 24, na yeyote anayemtaka anamchukua bila kukupa mchezaji. Yaani unamwanika mtoto wako kibarazani siku nzima ukiomba wapita njia wasimtazame.

Oktoba 2022 Jets walimwanika Johnathan Kovacevic. Alikuwa amefanya kazi Moose misimu mitatu, mtu wa kulia, mrefu, mtulivu, na Jets walikuwa wamempa mechi nne tu. Montreal wakamchukua, na msimu huo huo wakamchezesha mechi 77. Sabini na saba! Januari 2024 ikawa zamu ya Declan Chisholm. Minnesota, majirani zetu wa kusini, wakanyoosha mkono wakachukua. Usiku ule ndugu wa Uvira hakula. Alikuwa amempenda Chisholm tangu zamani kwa sababu ya pasi zake ndefu. "Banalea mutoto," akasema, "halafu banamutupa, jirani anaokota, kesho anatupiga naye." Mzee wa oveni alikoroga kahawa yake muda mrefu kuliko kawaida.

Na hapo ndipo ubishi wenyewe ulipo, kwa maoni yangu. Watu wanauliza nani anastahili. Neno kustahili linatupotosha. Kovacevic alistahili, na Niku kwa tuzo yake ile alistahili kuliko wote. Kinachoamua ni kiti kipi kimebaki wazi, nani anashika gongo upande gani, nani kinga yake imekwisha na nani bado, na kocha analala usingizi akiwa na nani uwanjani dakika tano za mwisho. Mabeki kumi wazuri wa kushoto hawakusaidii akiumia wa kulia, kwa sababu anayecheza upande usio wake huokota kisahani ukutani kwa upande wa nyuma wa gongo, na nusu sekunde inayopotea hapo ndiyo ile iliyomwaga soda ya binti yangu. Heinola ni wa kushoto. Morrissey ni wa kushoto. Samberg ni wa kushoto. Logan Stanley ni wa kushoto.

Stanley sasa. Hapa mimi na mzee hatutapatana mpaka mmoja wetu astaafu. Jets walipanda kutoka nafasi ya 22 hadi ya 18 mwaka 2016 ili wampate, na ni mtu wa mita mbili. Mzee anasema ligi hii ni ya wanaume wakubwa, mbele ya goli mwezi wa Mei, wakati wa mtoano, unahitaji mtu ambaye hasogei. Mimi nasema mtu asiyesogea hasogei hata kisahani kikiwa nyuma yake. Ndugu husema tunabishana kama wake wenza. Pengine. Lakini kwa miaka hiyo yote swali la mji lilikuwa hilo hilo kwa nguo tofauti: Stanley au Heinola, mwili au macho, na kila mtu alijibu kwa jinsi anavyoutaka mchezo uwe, si kwa alichokiona. Nami nimo. Nilimpenda Heinola kwa sababu hana mwili. Mimi mwenyewe nilikuwa beki wa kulia wa shule mwenye kilo 52, na nilikalishwa benchi na jitu moja lisilojua kupiga pasi. Hayo sikuwahi kumwambia mzee.

Sasa deni. Agosti 2023 tuliwekeana: Heinola akianza msimu na wakubwa, mzee ananinunulia kahawa wiki nzima, Tim Hortons, krimu mbili sukari mbili. Asipoanza, nanunua mimi. Septemba kambi ikaanza na kijana akacheza kuliko wakati wowote. Kila mwandishi wa habari wa hapa alikuwa ameshamweka kwenye jozi ya tatu. Nikaanza kumwambia mzee aandae chenji. Halafu mechi ya maandalizi, kifundo cha mguu kikavunjika.

Mzee akaja kantini saa tisa, akaketi, akasema hakuanza msimu. Nikasema jina lilikuwa limeshaandikwa, mguu ndio uliokataa. Mzee akasema dau halikutaja mguu. Nikasema dau halikutaja pia kwamba Mungu anaruhusiwa kucheza. Ndugu, aliyepewa uhakimu, akaomba apewe muda wa kutafakari. Bado anatafakari. Msimu uliofuata kifundo kile kile kikapata maambukizi, akarudi tena kwa madaktari wakati wenzake wako kambini, na Samberg alipoumia mwezi wa Novemba na kiti kikawa wazi kweli, Heinola alikuwa ndiyo kwanza anatafuta pumzi. Ningekuwa mtu wa imani za kienyeji ningesema kuna mtu kamfanyia kitu.

Tarehe 4 Mei 2025, mechi ya saba na ya mwisho ya mtoano dhidi ya St. Louis, Morrissey aliumia akatoka. Walibaki mabeki watano kwa mechi iliyokwenda mpaka nyongeza ya pili. Tulikuwa tumesimama kantini wote, hata wasiopenda, mikate inaungua, na Stanley alikuwa anaingia zamu baada ya zamu. Adam Lowry wetu alipofunga, mzee alinikumbatia akanipaka unga mgongo mzima. Hakusema neno kuhusu Stanley. Nami sikusema. Ila aliniangalia, na mimi nikaangalia mikate.

Siku hizi kuna jina jipya: Elias Salomonsson, Mswidi, raundi ya pili ya 2022, tena wa kulia. Wa kulia! Kwa mji uliosongwa na mabeki wa kushoto hilo peke yake ni nusu ya hoja. Ndugu ameshamwangalia mara sita huku Moose na ana maoni. Mzee anasema aachwe aive. Binti yangu, ambaye sasa ana miaka kumi na moja na anasahihisha Kiswahili changu cha hoki, anasema tukae kona ile ile, lakini soda atashika mwenyewe.

Jana usiku nikamuuliza ndugu kama hukumu imepatikana. Akatafuna mkate wake, akanywa maji. "Kaka," akasema, "weka kwanza kahawa moja hapa mezani. Hakimu hawezi kufikiri na koo kavu."